JIKONI MWETU: Samaki na mboga kwa nusu saa

   

Mwezi huu jiko letu limehamia Maganzo, ule mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui. Wengi hulijua eneo hili kwa almasi, tangu mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, alipozigundua mwaka 1940. Sisi hatukwenda kutafuta almasi. Tulikwenda kupika chakula cha jioni.

Tulialikwa na mama mmoja anayeuza nyanya na mchicha sokoni. Tulipofika kwake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, naye ndio kwanza alikuwa anatua beseni kutoka kichwani. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa mlangoni wakimsubiri, na yule wa mwisho tayari alikuwa anasinzia. Mama akalitazama jiko lililopoa, akatuambia: "Nikibandika maharage saa hizi, watoto watalala kabla hayajaiva. Siku nyingi nawapa chai ya rangi na andazi, wanalala."

Hebu fikiri, mama msomaji. Ndani ya beseni lake zilikuwamo nyanya na mafungu matatu ya mchicha ambayo hayakupata mnunuzi. Kufika asubuhi mchicha ule ungekuwa umenyauka, angewatupia kuku. Mchana kutwa anawauzia wengine mboga, na usiku watoto wake wanakunywa chai. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na kliniki walikuwa wamemwambia kwamba ana upungufu wa damu.

Hatukumlaumu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumewahi kurudi jioni kutoka kazini, au kutoka kwenye kikao cha akina mama, tukawapa watoto chai na mkate huku tukijiambia kwamba kesho tutapika vizuri. Kesho ikafika, nayo ikaja na chai yake. Uchovu wa jioni hauchagui mama wa mjini wala wa kijijini.

Lakini siku ile tulifunga kanga zetu vizuri, tukapika naye. Tangu moto uliposhika mpaka watoto walipoitwa kunawa mikono ilipita nusu saa na dakika chache tu. Chakula kilikuwa samaki, mboga za majani na ugali. Hicho ndicho tunachotaka kukueleza leo, pamoja na jambo moja tuliloliona wakati wa kupakua.

SAMAKI YUPO, HATA MBALI NA ZIWA

Maganzo hakuna ziwa. Ziwa Victoria liko zaidi ya kilomita 100 upande wa kaskazini. Hata hivyo magari yanayotoka Mwanza huleta samaki, na jioni mchuuzi hupita na baiskeli yake akiwasalimia akina mama, "Mwadila, mayu!" Huyu ana sato wabichi ndani ya ndoo, yule ana samaki waliokaushwa kwa moshi, na sokoni wapo dagaa wanaopimwa kwa kopo.

Zamani watu wa kando ya ziwa walizoea ngege, furu na wengineo. Sangara akapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea akiwala samaki wadogo. Katika miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vikipeleka minofu yake Ulaya, na akina mama wengi wakawa wananunua mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Labda ndiyo sababu baadhi yetu bado tunadhani kwamba samaki wa maana ni yule mnene wa wenye pesa. Sivyo. Sato mdogo anajenga mwili sawasawa na sangara mkubwa. Naye dagaa, kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, hutupatia madini ya chokaa ya kuimarisha mifupa na meno, pamoja na madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu.

Unapomchagua samaki mbichi, kumbuka kwamba amesafiri mbali na jua ni kali. Tazama macho: yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yamezama. Funua mashavu: ndani pawe pekundu, pasiwe na rangi ya udongo. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Mnuse: awe na harufu ya ziwa, asiwe na harufu ya kuoza. Akikosa hata moja kati ya hizi, mwache, hata kama mchuuzi atapunguza bei. Nunua dagaa au samaki wa moshi.

SATO WA NYANYA NA MCHICHA

Mahitaji haya yanatosha watu sita:

Sato 2 wa wastani (kama kilo 1)
Nyanya 4 zilizoiva
Kitunguu maji 1 kikubwa
Karoti 1
Pilipili hoho 1
Kitunguu saumu, punje 3
Mchicha mafungu 2 (au matembele, au majani ya maboga)
Ndimu 1
Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chakula
Chumvi yenye madini joto
Maji kikombe 1

Kabla ya moto kushika. Jiko la mkaa likiwashwa huchukua muda, na wakati huo ndio wa kufanya kazi ya mikono. Para magamba, toa matumbo, osha samaki na umkate kila mmoja vipande vitatu au vinne vinavyolingana. Mpake chumvi kidogo na nusu ya ndimu. Osha mchicha ukiwa bado mzima, ndipo uukate. Ukiukata kwanza na kuuosha baadaye, sehemu ya vitamini huondoka na maji. Katakata vitunguu, nyanya, hoho na karoti. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wasaidie hapa. Mvulana wa miaka kumi anaweza kuchambua mchicha bila kupungukiwa na chochote.

Namna ya kupika. Pasha mafuta, kaanga kitunguu maji mpaka kilainike, kisha weka kitunguu saumu. Tia nyanya, karoti na hoho, funika kwa dakika tano mpaka nyanya zilainike. Mimina kikombe cha maji. Mchuzi ukichemka, panga vipande vya samaki juu yake, funika, punguza moto na uache kwa dakika kumi. Usikoroge kwa mwiko, samaki atavunjika. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise kidogo. Mwisho tandaza mchicha juu ya samaki, funika tena kwa dakika tatu tu. Onja chumvi na uepue. Nusu ya ndimu iliyobaki ikamulie mezani.

Kama una jiko moja, funika sufuria ya samaki na kuifunga kwa kitambaa kizito ili isipoe, ndipo ubandike ugali. Mwenyeji wetu alitufundisha jambo hapa. Asubuhi anapochemsha maji ya chai hujaza na chupa ya pili, akaifunga vizuri. Jioni maji yale yakiingia kwenye sufuria ya ugali huchemka upesi, na hivyo huokoa muda na mkaa. Ukiweza kuchanganya unga wa mahindi na wa mtama, fanya hivyo. Mtama unavumilia ukame wa Kishapu kuliko mahindi, na wazee wa huko wamekua nao.

Mtaona kwamba hatukumkaanga samaki kwenye mafuta mengi. Kumkaanga kwanza na kumuunga baadaye ni kazi mbili. Huongeza muda na humaliza chupa ya mafuta. Vijiko vitatu vinatosha, na mafuta hayo yanasaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye mchicha na karoti.

JIONI AMBAYO HAKUNA SAMAKI MBICHI

Siku mchuuzi asipopita, au mfuko unapokuwa mwepesi, pika dagaa wa karanga. Chukua vikombe viwili vya dagaa wakavu. Wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na mchanga. Wachuje, kisha wakaange bila mafuta kwa dakika tano mpaka wakauke na kutoa harufu nzuri. Kaanga kitunguu na nyanya tatu katika mafuta kidogo, tia dagaa na vikombe viwili vya maji, acha vichemke kwa dakika tano. Koroga nusu kikombe cha karanga zilizosagwa katika maji kidogo, mimina na uendelee kukoroga ili zisishike chini. Baada ya dakika nane tia mafungu mawili ya matembele au mgagani uliokwisha kuchemshwa, na baada ya dakika tatu epua. Wakati wa kiangazi, mboga zikiadimika, tumia zile ulizokausha mwenyewe, na michembe ikiwamo ghalani unaweza kuipika badala ya ugali.

Tuna maonyo madogo matatu. Kwanza, punguza magadi. Tunajua yanalainisha mboga na mlenda upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini, na mboga zetu hizi ni laini tayari. Pili, kopo la chumvi lifunikwe daima, maana madini joto hupotea chumvi ikiachwa wazi juani au kwenye unyevu. Tatu, chai isinywewe pamoja na chakula hiki. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, wakati ndimu husaidia. Ngoja kama saa moja baada ya kula.

CHOMBO CHA KUPIKIA

Neno hili ni kwa wenzetu wa Geita, Kahama na kokote ambako dhahabu hukamatishwa kwa zebaki. Mama mpendwa, sufuria, kikaango, kijiko au beseni lililowahi kushika zebaki lisirudi jikoni kamwe, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Wala zebaki isichomwe kwenye jiko la kupikia au karibu na watoto. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni.

Huko Minamata, nchini Japani, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula samaki wa ghuba ambamo kiwanda kilikuwa kikimwaga maji taka yenye zebaki. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Zebaki ikifika majini huingia kwa samaki, na samaki mkubwa anayekula wenzake hukusanya nyingi zaidi kuliko mdogo. Hii si sababu ya kuacha samaki. Ni sababu nyingine ya mama mjamzito kupenda dagaa na sato.

WAKATI WA KUPAKUA

Sasa turudi Maganzo. Chakula kilipoiva, harufu ilijaa uani na yule mtoto aliyesinzia akaamka mwenyewe. Mama akaanza kupakua. Kichwa na vipande viwili vya tumboni aliweka kwenye bakuli la baba, ambaye alikuwa njiani kutoka kazini. Vipande vizuri vya mgongoni akatuwekea sisi wageni. Watoto wakapata kimoja kimoja. Yeye, mwenye mimba ya miezi sita na upungufu wa damu, akabaki na mkia mmoja na mchuzi uliokuwa chini ya sufuria.

Tulinyamaza kidogo. Hakuna aliyemlazimisha. Hivyo ndivyo alivyomwona mama yake akifanya, na mama yake alimwona bibi. Tukamwuliza taratibu: "Mayu, na wewe je?" Akacheka, akasema: "Mimi nimeonja wakati wa kupika."

Akina mama, ni wangapi kati yetu tumeshiba kwa kuonja? Heshima ya baba nyumbani ni jambo jema, na ukarimu kwa mgeni ni desturi tunayoipenda. Lakini mtoto aliye tumboni hali heshima. Anakula kile kinachopita mdomoni mwa mama yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kudumaa huku huanza mapema, mara nyingi mtoto angali tumboni, na huendelea katika miaka yake miwili ya mwanzo. Chanzo si njaa peke yake. Magonjwa ya mara kwa mara yamo, na namna tunavyogawa chakula kilichopo nayo imo.

Tulimrudishia vipande viwili kutoka kwenye sahani zetu. Alikataa, tukasisitiza, akala. Baba alipofika tulizungumza naye pia, bila kumfokea na bila kumwaibisha mbele ya watoto. Tulimweleza walichosema kliniki kuhusu damu ya mkewe, maana ile kadi alikuwa hajawahi kuisoma. Akanyamaza, kisha akakitoa kipande kimoja bakulini mwake na kumsogezea mkewe. Akasema: "Mimi nilidhani hapendi samaki. Siku zote huniambia hapendi."

Mama msomaji, huenda na wewe umewahi kusema hupendi samaki, kumbe ulikuwa unampenda mumeo. Sema ukweli. Baba wengi wangetupa kipande hicho kwa furaha kama wangejua.

Njia rahisi ya kugawa ni hii. Kata samaki vipande vinavyolingana kabla ya kupika, na uhesabu watu wote, ukijihesabu na wewe. Au ukishaepua, mchambue miiba umchanganye na mchuzi na mchicha, kila atakayechota apate. Hii inafaa hasa kwa watoto wadogo, kwa sababu ya miiba. Na dagaa ndiye mwamuzi wa haki kuliko wote: hana tumbo la kumpa baba wala mkia wa kumwachia mama.

Mtoto aliyefikisha miezi sita naye asisahauliwe. Dagaa wakishaoshwa vizuri na kukaushwa, watwange, chekecha unga wake, na kila unapopika uji wake tia kijiko kimoja cha chai uchemke pamoja. Aendelee kunyonya kama kawaida.

Kwa mama mwenye upungufu wa damu, chakula hiki hakichukui nafasi ya vidonge ulivyopewa kliniki. Meza vidonge kama ulivyoelekezwa, hudhuria kliniki, na ule vizuri. Vyote vitatu vinakwenda pamoja.

Tulipoaga ilikuwa usiku. Watoto walikuwa wamelala, safari hii wakiwa wameshiba. Mama yule alitusindikiza hadi barabarani, akatuambia kwamba tangu kesho fungu moja la mchicha halitakwenda sokoni, litabaki nyumbani asubuhi hiyo hiyo kabla ya beseni kupanda kichwani. Tukaona ni uamuzi wa busara kuliko mapishi yetu yote. Ukisubiri kinachobaki ndipo ulishe nyumba yako, siku nyingine hakitabaki kitu.

Basi jaribu wiki hii, jioni moja tu. Jaza chupa ya maji ya moto asubuhi, tenga fungu la mboga, hesabu vipande. Mkishaomba baraka ya chakula, tazama sahani zote zilizo mezani, na ya kwako iwemo.

Tukutane tena mwezi ujao. Karibuni chakula.